Anayenitwika

Hapa Tororo, kiwandani, mtu hajitwiki saruji.
Kilo hamsini hutaka mikono minne:
yangu miwili magotini, mgongo nimeutandaza kama meza,
na miwili ya Oboth ikiinua.
Kabla hajaachia huuliza, "Tayari?"
Nami hujibu, "Lete."
Miaka sita, maneno hayo mawili,
labda mara mia tatu kwa siku.
Sikuwahi kuyahesabu kuwa mazungumzo.

Kisha Oboth akamwambia msimamizi kuwa nimechelewa.
Kweli nilichelewa. Dakika arobaini.
Lakini ukweli wa rafiki una mlango wake,
na yeye alipitia dirishani.

Siku kumi na moja hatukusemezana.
Mfuko ulinishukia begani bila swali.
Siku ya kumi na mbili ukapasuka.
Tukasimama weupe, wote wawili,
kama watoto waliofumwa ndani ya pipa la unga.
Yeye ndiye aliyeanza kucheka.
Mimi nilikuwa bado na hasira yangu,
kicheko kilinitoka tu, kama chafya.
Akasema, "Ningekuambia wewe kwanza."
Nikasema, "Ungeniambia mimi kwanza."
Sentensi ileile. Tuliigawana kama muhogo wa kuchoma.
Hakutamka samahani, nami sikuidai.
Pesa ya mfuko tulikatwa nusu kwa nusu.

Jioni Nyakecho akanitengea maji.
Saruji usipoiwahi huganda,
inakuwa ukuta mdogo juu ya ngozi.
Akauliza, "Leo umetwikwa nini?"
Nikasema, "Hakuna."
Ndivyo nilivyozoea kumjibu mke wangu,
kama msoma mita: hodi, namba, kwaheri.
Akanisugua mgongo kwa nguvu
kuliko uchafu ulivyohitaji.
"Basi," akasema, "sina cha kukutua."

Maji yalipoa nikiwa bado nimekaa.

Kutwikana tumefundishwa, tena mapema,
mtoto huanza na kibuyu, kisha kuni, kisha aibu ya ukoo.
Kutuana je?
Mwenye mzigo shingo imekaza, hawezi kutazama pembeni;
ni lazima aseme.

Nikasema.
Nikamweleza habari ya Oboth, na ya zile dakika arobaini:
kwamba asubuhi ile nilisimama kando ya barabara,
mwamba wa Tororo umekaa juu yangu bila haraka,
simu mkononi, namba ya Ochwo imejaa kwenye kioo,
kidole kikagoma.
Ndugu yangu, tumbo moja. Mwaka wa tatu huu.
Tulichogombania ni mpaka wa hatua nne
katika shamba la ulezi la mama.

Ulezi. Neno moja, mbegu mbili.
Mama alizipanda zote, moja udongoni, moja ndani yetu,
nasi tukapigania ile inayouzwa kwa debe.

Nilingoja Nyakecho anipe nasaha.
Aliuliza tu, "Una salio?"

Nikapiga. Ikaita hadi ikakatika.
Nikapiga tena. Akapokea mtoto,
sauti nisiyoijua, aliyezaliwa ndani ya ugomvi wetu.
"Wewe nani?"
Swali zuri.
"Baba yako mkubwa," nikasema,
na jina hilo likanikalia begani
kama kitu nilichoshushiwa bila kuulizwa.
Nyuma yake nilisikia Ochwo akiuliza ni nani huyo,
kisha ndala zikiburuzwa, kisha pumzi yake.

Pumzi yake na yangu. Mbwa wa mtu akibweka kwao.

Nikakosa neno, nikaazima la kazini:
"Tayari?"
Ochwo ni fundi baiskeli, hajawahi kubeba saruji.
"Tayari kwa nini?" akauliza.
"Sijui bado. Shika tu upande wako."

Alinyamaza.
Lakini hakukata,
na salio lilikuwa limebaki la dakika nne.